Kabla ya Sindano, Piga Picha ya Mgongo

Tunajua ukurasa huu wa maoni huwa wa mambo ya lugha. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya mgongo wa mama mjamzito. Lugha itaingia yenyewe, mtaona.

Majira ya baridi yaliyopita, shangazi wa mmoja wetu alilazwa kujifungua katika hospitali moja ya hapa Minneapolis na Saint Paul. Jina la hospitali hatulitaji, maana yaliyompata yangeweza kumpata popote. Shangazi ni mama mwenye mwili. Uchungu ulianza saa nne usiku, na ilipofika saa nane alikuwa ameomba sindano ya mgongo, ile inayoitwa epidurali. Akaja daktari, kijana mpole, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, akampapasa mgongo kutafuta mifupa. Akachoma, akatoa. Akachoma tena pembeni kidogo, akatoa. Mara nne. Kila uchungu ulipokuja walisimama, na shangazi akambana binti wa kaka yake mkono hadi pete ikaacha alama kidoleni. Baada ya karibu saa nzima daktari aliomba msamaha, akaenda kumwita mkubwa wake.

Yule mkubwa hakugusa sindano kwanza. Alitoka nje ya mlango, akarudi akisukuma mashine ya altrasaundi iliyokuwa imeegeshwa ukumbini. Akapaka jeli mgongoni, akapitisha kifaa juu na chini kwa dakika chache huku akitazama kioo, akatia alama kwa kalamu. Kisha akachoma mara moja. Dakika 20 baadaye shangazi alikuwa akiuliza kama wana chai.

Tangu usiku ule tunajiuliza swali moja. Mashine ilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani. Kwa nini haikuingia chumbani kabla ya sindano ya kwanza?

Sisi tulioandika ni watatu. Wawili tunasomea uuguzi na mmoja uhandisi. Wazazi wa mmoja walitoka Kisii, wa mwingine Mwanza, wa tatu Bukavu. Hakuna daktari kati yetu, na hatujifanyi madaktari. Lakini tumesoma, tumeuliza, na tumeshika mikono ya mama zetu katika vyumba hivyo. Maoni yetu ni haya: mama ambaye mifupa ya mgongo wake haipapasiki apigwe picha ya mgongo kwanza, bila kungoja achomwe na kukosewa.

Kwa wasiosomea mambo haya tueleze kidogo. Ndani ya pingili za mgongo kuna neva, zimefunikwa na utando uliojaa maji. Nje ya utando huo pana nafasi nyembamba sana, ya milimita chache tu, na neva zinazopeleka maumivu ya uzazi hupita hapo. Daktari huingiza sindano kati ya pingili mbili za kiunoni. Nyuma ya sindano kuna bomba lenye maji ya chumvi au hewa, naye hulisukuma polepole. Sindano ikiwa ndani ya kano ngumu, bomba hukataa kusukumika. Ikitoboa kano hiyo, ukinzani hupotea ghafla, naye hujua kwamba amefika. Hupitisha mpira mwembamba kama uzi mnene, huchomoa sindano, na mpira hubaki ukipeleka dawa hadi mtoto azaliwe. Akizidisha milimita chache, hutoboa utando, maji hutoka, na mama anaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa, kichwa cha kumfanya ashindwe kukaa kitako amnyonyeshe mwanawe. Hilo hutokea takriban mara moja katika epidurali 100.

Jambo la kushangaza ni jinsi mahali pa kuchoma panavyotafutwa. Daktari huweka mikono juu ya mifupa ya nyonga, huvuta mstari wa kufikirika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mstari huo hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Kisha hupapasa katikati kutafuta vichwa vya pingili. Kwa mtu mwembamba vichwa hivyo huonekana kama shanga zilizotungwa. Kwa mtu wa kawaida huhisika. Kwa mama mwenye mwili, tena mjamzito, tena aliyevimba kwa ujauzito, mara nyingi hakuna kinachoonekana wala kuhisika. Hata mstari wa katikati unabahatishwa. Na nafasi inayotafutwa, ambayo kwa wanawake wengi iko sentimita 4 hadi 6 ndani, kwake inaweza kuwa mbali zaidi, hata sindano ya kawaida, yenye sentimita kama 9, ikawa fupi.

Na tusidhani kwamba mkono unakosea kwa wanene peke yao. Mwaka 2000 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: wataalamu waliombwa wataje ni nafasi gani ya mgongo iliyotiwa alama, kisha wagonjwa wakapigwa picha za MRI kuhakikisha. Walipatia kwa asilimia 29 tu. Mara nyingi alama ilikuwa juu kuliko walivyodhani, na unene ulizidisha makosa. Tulisoma takwimu hiyo mara mbili. Ikiwa mkono wenye uzoefu unakosea nafasi zaidi ya nusu ya mara, basi mkono huo unahitaji jicho.

Hapa tunaomba ruhusa ya kujivuna kidogo kama watu wa Minnesota. Sindano inayotumika kwa epidurali duniani kote inaitwa Tuohy, kwa jina la Edward Tuohy, daktari aliyefanya kazi Mayo Clinic kule Rochester, safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa. Katika miaka ya 1940 alitumia sindano yenye ncha iliyopinda ili mpira uingie kwa urahisi. Ncha yenyewe ilibuniwa na daktari wa meno wa Seattle, Ralph Huber. Daktari wa Kuba, Manuel Martínez Curbelo, alikuja Mayo akaiona kazi hiyo, akarudi Havana, na mwaka 1947 akaitumia kupitisha mpira katika nafasi ya epidurali. Kwa hiyo sindano ina zaidi ya miaka 75. Altrasaundi ya uzazi nayo si mgeni: Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958. Vitu viwili vimekaa hospitali moja, mara nyingi ghorofa moja, kwa miongo mingi, kimoja kikitazama tumbo la mama na kingine kikichoma mgongo wake gizani. Mama hupigwa picha ya tumbo mara mbili, tatu, hata zaidi katika ujauzito mmoja. Mgongo hata mara moja.

Si kwamba hakuna aliyefikiria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Thomas Grau na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba altrasaundi inaweza kumwonyesha daktari pa kuchoma, aelekeze sindano wapi, na aende kina gani. Mwaka 2008 taasisi ya NICE ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kukubali njia hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Toronto walichapisha kazi iliyofanywa kwa wajawazito wanene 46: walipima kina kwa altrasaundi, kisha wakalinganisha na kina ambacho sindano ilikwenda kweli. Tofauti ya wastani ilikuwa chini ya nusu sentimita. Halafu mwaka 2013 jarida la BMJ likatoa uchambuzi uliokusanya tafiti 14, zenye wagonjwa 1,334, baadhi wa epidurali na baadhi wa kutolewa maji ya mgongo. Waliopigwa picha, sindano ilishindikana mara 6 kati ya 624. Waliopapaswa tu, ilishindikana mara 44 kati ya 610.

Tuwe wakweli kuhusu maana ya picha hii, kwa sababu watu wengi hufikiri daktari hutazama kioo huku sindano ikienda, kama mchezo wa video. Mara nyingi sivyo. Mashine hutangulia. Daktari hutafuta mstari wa katikati, huhesabu pingili kutoka chini, hupima kina, hutia alama kwenye ngozi, kisha huweka mashine kando, husafisha mgongo na kuchoma kwa mkono kama kawaida. Mkono haukustaafishwa. Umepewa ramani.

Sasa tuje kwenye hoja inayotuuma zaidi. Mama mwenye mwili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza kwa upasuaji. Akifikishwa chumba cha upasuaji bila mpira unaofanya kazi mgongoni, na hali ikiwa ya haraka, huenda akapewa nusukaputi, yaani alazwe usingizi kabisa. Na kwa mwili mkubwa nusukaputi ndiyo yenye hatari zaidi: kupitisha mpira wa kupumulia kooni ni kugumu zaidi, na hewa ya oksijeni mwilini hupungua haraka zaidi. Lakini akiwa na epidurali nzuri, dawa huongezwa tu kupitia mpira uleule, na mama hubaki macho akamsikia mwanawe akilia. Ndiyo maana wataalamu hushauri mama kama huyo awekewe mapema, uchungu ukiwa bado unavumilika. Kwake epidurali ni zaidi ya starehe; ni akiba ya hatari. Halafu huyohuyo anayeihitaji kuliko wote ndiye tunayemtafutia mgongo kwa vidole.

Tumezipeleka hoja hizi kwa watu wanaojua zaidi yetu, nao hawakutuachia kirahisi. Tumejibiwa kwamba wataalamu wazoefu hupata nafasi bila mashine. Ni kweli, na utafiti mwingine wa Toronto wa mwaka 2015 haukuona faida ya altrasaundi kwa wanawake ambao pingili zao zinapapasika kirahisi. Tunaupokea kwa mikono miwili, maana hatujasema kila mgongo upigwe picha. Tunasema mgongo usiopapasika. Tumeambiwa pia kwamba mafuta hufifisha picha, na kwamba kifaa kikikandamiza ngozi, kina huonekana kifupi kuliko kilivyo. Hilo nalo ni kweli. Lakini picha yenye ukungu inayoonyesha mstari wa katikati ni bora kuliko kutoona kitu. Na dakika chache za kupima si kitu mbele ya saa nzima ya kuchomwa, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtoto yanadai haraka, na hapo hakuna anayebishana.

Jibu lililotunyamazisha lilitoka kwa mama wa mmoja wetu, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku. (Nusu ya wazazi wa klabu hii, tukihesabu vizuri, wako zamu ya usiku mahali fulani.) Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wanangu, mashine zipo. Anayejua kuisoma saa nane usiku ndiye hayupo." Kusoma picha ya mgongo ni ustadi wa peke yake. Pingili huonekana kama vivuli, na jicho lisilozoea huona theluji tu, kama ile iliyoko nje dirishani. Daktari anahitaji kufanya mazoezi kwa migongo mingi, tena migepesi kwanza, kabla ya kukutana na mgongo mgumu usiku wa manane. Kwa hiyo tunaposema "leteni mashine" tunadai pia kwamba wanafunzi wa udaktari wa ganzi wafundishwe jambo hili kama wanavyofundishwa kupapasa, na kwamba katika kila zamu awepo mmoja anayelijua. Hilo lina gharama, ya muda kuliko ya fedha. Tunaona inafaa kulipwa katika jimbo ambalo takriban theluthi ya watu wazima huhesabiwa wanene na katika nchi ambayo ni zaidi ya watu 40 katika kila 100. Mama mwenye mwili si mgonjwa wa nadra anayekuja mara moja kwa mwaka. Yuko chumba cha tatu, na mwingine yuko cha tano.

Lugha sasa. Usiku ule mkalimani alikuwa kwenye skrini ya tableti, sauti ikikatika. Alisema, tunaamini, "sindano ya kupoza maumivu." Shangazi akasikia "kupooza." Herufi moja! Akavuta miguu, akakataa katakata: hakuja Marekani kupoozeshwa. Ilichukua dakika kumi na binti wa kaka yake kumtuliza, na tangu siku hiyo tumeliweka kando neno kupoza. "Sindano ya kutuliza uchungu" haina mtego. Hofu yenyewe ina mizizi. Kwetu nyumbani, Kenya na Tanzania, akina mama wengi wanaojifungulia hospitali za umma hawapati epidurali; hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za binafsi za miji kama Nairobi na Dar es Salaam. Bibi hana la kusimulia juu yake. Kinachosimuliwa ni cha kusikia, kwamba sindano ya mgongo huacha maumivu ya maisha. Tafiti hazijaona hivyo: sehemu iliyochomwa huuma siku chache, kisha huisha. Lakini nani amewaambia akina mama kwa Kiswahili?

Hata jina la daktari linatatiza. Tumezoea kusema daktari wa usingizi, na mama akisikia usingizi anadhani atalazwa. Kwa hiyo katika makala haya tumesema daktari wa ganzi, ingawa mwenzetu wa Mwanza hajaridhika.

Kisha likaja neno gumu kuliko yote. Daktari alipokuwa akishindwa alieleza sababu, na sababu ilikuwa unene. Hospitalini ni namba tu: gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ikifika 30 wewe ni mnene, ikifika 40 unaingia daraja la juu kabisa. Nyumbani siyo namba. Mtu akirudi kutoka safari amejaza mwili tunamwambia amenawiri, na tunamaanisha kheri. Mpwa aliyeketi pale, mwenye miaka 19, akitakiwa amwambie shangazi yake, aliyemlea, kwamba mwili wake ndio tatizo, hakuweza. Akatafsiri: "Daktari anasema mgongo wako umejificha." Tulicheka aliposimulia. Baadaye hatukucheka, kwa sababu shangazi alikaa siku kadhaa akiamini kwamba alikuwa ameketi vibaya, kwamba yeye ndiye aliyeuficha. Kosa la ukalimani? Labda. Lakini maelezo ya daktari nayo hayakuwa kamili. Mgongo wake ulikuwa pale ulipo siku zote. Njia iliyotumika kuutafuta ndiyo iliyokuwa fupi, na iliyo ndefu ilikuwa ukumbini.

Mpwa huyo hakupaswa kuwa mkalimani. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zitoe mkalimani aliyehitimu, bila malipo, na kanuni zake zinakataza kumtegemea mtoto mdogo isipokuwa kwa dharura. Wengi wetu tulianza kutafsiri tukiwa na miaka minane, kwenye ofisi, dukani, kliniki. Tunajua tunachosema. Mama ana haki ya kumkataa mkalimani asiyesikika vizuri na kuomba mwingine, na tungependa kila mama wa jamii yetu alijue hilo kabla uchungu haujaanza.

Na katika jambo hili hasa, maneno ni sehemu ya tiba. Mgongo usipopapasika, daktari mzuri humuuliza mama mwenyewe: unaisikia sindano katikati, au kulia, au kushoto? Jibu humwelekeza, maana mama huhisi upande hata kama mifupa haionekani. Lakini lazima swali lifike na jibu lirudi kwa sekunde moja, si kupitia tableti inayosema "rudia tafadhali." Vilevile mkao. Daktari wa hapa husema pindisha mgongo kama paka mwenye hasira. Paka mwenye hasira kwa shangazi ni paka anayepiga kelele tu. Hakuelewa mgongo unahusikaje. "Inama, kumbatia mto, sukuma kiuno nyuma" alielewa mara moja.

Tunataka basi nini? Madaktari wa ganzi wa miji hii miwili tunawaomba wasiifanye altrasaundi kuwa kimbilio la mwisho kwa mama mwenye mwili. Mara nyingi mashine huja baada ya sindano ya tatu au ya nne, mgongo ukiwa umeshavimba na mama ameshakata tamaa, na hata picha yenyewe huwa ngumu kwa sababu hawezi tena kukaa kimya. Ije kwanza. Akina mama na shangazi zetu tunawaomba wasingoje usiku wa uchungu. Kuanzia miezi ya mwisho mama anaweza kumwomba mkunga au daktari wake ampangie kikao na daktari wa ganzi. Akiwa na namba kubwa kwenye kile kipimo, mahali pengi humpangia hata bila kuomba. Huko ndiko kwa kuuliza: je, hospitali hii hupiga picha ya mgongo kabla ya sindano? Nani anajua kufanya hivyo usiku? Akishajibiwa, aombe liandikwe kwenye faili lake. Sentensi iliyoandikwa wiki ya 34 huongea yenyewe saa nane usiku, hata mwenye nayo akiwa hawezi.

Wako watakaosema tunamfundisha mgonjwa kumwamuru daktari. Katika familia zetu daktari haulizwi, na sisi wenyewe tumelelewa hivyo. Mmoja wetu alipomwambia baba yake tunachoandika, baba alikohoa tu. Lakini kuomba picha si utovu wa adabu. Shangazi alipoletewa mtoto wake wa pili miaka sita iliyopita kwa upasuaji wa haraka chini ya nusukaputi, hakumwona hadi jioni. Safari hii alimwona akitoka. Tofauti ilikuwa daktari mmoja aliyetoka nje ya mlango akarudi na mashine, na hilo lilikuwa bahati ya zamu.

Klabu nayo ina kazi. Tumeanza kuandika karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mama anaweza kuibeba kwenye mkoba wake wa leba: sentensi kumi na mbili za Kiswahili, za kuuliza na za kujibu. "Naomba mgongo wangu upigwe picha kwanza." "Sindano naisikia upande wa kushoto." "Subiri, uchungu unakuja." "Mguu mmoja umekufa ganzi, mwingine bado." Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu epidurali inayofanya kazi upande mmoja mara nyingi hurekebishika, ila daktari lazima aambiwe. Tumekwama kwenye maneno mawili. Ile nafasi nyembamba nje ya utando tunaiita nafasi tu, na haitoshi. Na altrasaundi ya mgongo, mwenzetu wa Bukavu anataka iitwe picha ya mugongo kama wanavyosema kwao, wawili tunasema hapana, na mjadala umefika wiki ya tatu. Walimu wetu wenye kamusi nene, na mama yeyote aliyepitia chumba hicho, tunawaomba mtuletee maneno yenu Alhamisi kwenye kikao. Shangazi amesema atakuja na mtoto. Ametuomba sentensi moja iongezwe, nayo tumeiweka ya kwanza: "Mgongo wangu haujajificha."